*RAMADHANI 21: DHANA, DHAMBI NA MARADHI*

Tumeingia kumi la mwisho, Alhamdulillah.

Leo tuulizane: mtu asiyeweza kumwamini yeyote, ana dhambi au anaumwa?

Sisi wa Tabora tunakaa juu ya njia iliyotaka watu waaminiane. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji. Tajiri wa Unguja alikopesha vitambaa na shanga, akangoja pembe kwa miezi mingi. Mpagazi alimfuata kiongozi wa msafara porini. (Tusiwasahau waliopitishwa na minyororo; wao hawakuwa na wa kumwamini.) Mwaka 1871 vita vya Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu vikafunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azungukie kusini. Watu wakifika hapo, njia inafungwa kwa wote.

Basi yuko mtu ambaye njia hiyo imefungwa ndani ya nafsi yake. Umemsalimia, anajiuliza umemaanisha nini. Umempelekea futari, anawaza unataka nini kwake. Umechelewa sokoni, tayari una mtu mwingine. Kosa la miaka 10 analo mkononi kama la jana. Kwa mengine yuko sawa kabisa: anafanya kazi, anahesabu pesa zake, anaswali. Wataalamu wa afya ya akili wanaihesabu hali hii kuwa ni ugonjwa wa haiba, wa kushuku watu kupita kiasi. Huonekana tangu ujanani na hudumu miaka. Mwenyewe haoni kama anaumwa, anaona watu ndio wabaya. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka imani, kitu kile kile alichokikosa.

Surat Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, tusipelelezane wala tusisengenyane. Amri hiyo inamshika anayeweza kuchagua. Kanda yetu hii ya magharibi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti macho yao mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni! Waliowanyooshea kidole hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na akili timamu na nafasi ya kuuliza, wakaiacha. Hiyo ndiyo dhana yenye dhambi. Na wewe unayepekua simu ya mwenzio usiku, usijifiche nyuma ya maradhi usiyokuwa nayo.

Aliyefungwa kweli, hukumu yake iko kwa Mola wake. Letu sisi ni kujua tuishi naye vipi. Mtume (S.A.W.) alikuwa itikafu, kumi kama hili. Bibi Safiyya akamtembelea, naye akatoka kumsindikiza. Wakapita Ansari wawili wakiharakisha. Akawaita wasubiri, akawaambia huyu ni Safiyya. Wakashtuka: wao wamdhanie vibaya? Akawaeleza kwamba shetani hupita ndani ya mtu kama damu. Hakuwa na deni la kujieleza kwa yeyote, lakini alijieleza kwa kuzihurumia nyoyo zao.

Fanya hivyo hivyo. Usinong'one mbele yake. Usimtanie. Ukiahidi saa 10, fika saa 10. Mjibu kwa ufupi na uwazi, na kesho jibu liwe lile lile. Mabishano marefu humzidishia shaka. Hatapona kwa wiki moja, kwa hiyo usitarajie shukrani. Ila subira si kukubali kipigo: akitishia au akipiga, jiweke salama kwanza, kisha tafuta msaada. Anzia hospitali ya mkoa. Ikibidi, Mirembe iko Dodoma.

Kazi ya leo: kabla ya magharibi, mtaje moyoni mtu mmoja unayemdhania vibaya. Jiulize, una ushahidi gani?

Ewe Mola, tusafishe na dhana mbaya, na waliofungwa na hofu uwafungulie njia. Aamin.

Mfikishie na mwenzio.