Kwa Nini Kibarua Hutajwa Kwanza?

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, ng'ombe akikosekana zizini au kahawa ikipungua mkekani, jina la kwanza kutajwa ni la kibarua. Na kama ametoka ng'ambo ya mto Kagera, hatajwi mara mbili. Kwa nini yeye?

Tutazame jambo lililotokea nchi jirani. Asubuhi ya tarehe 27 Desemba, 1985, Bibi Dian Fossey, Mmarekani aliyechunguza maisha ya gorila katika milima ya Virunga, Rwanda, tangu mwaka 1967, alikutwa ameuawa kwa panga chumbani mwake huko Karisoke. Ukuta ulikuwa umetobolewa, lakini maelfu ya dola yaliyokuwamo hayakuguswa. Wafanyakazi wake wakakamatwa. Baadaye waliachiwa, isipokuwa Emmanuel Rwelekana, mfuata nyayo za gorila, ambaye yule Bibi alikuwa amemfukuza kazi. Mwaka 1986 alishtakiwa pamoja na Wayne McGuire, Mmarekani aliyekuwa msaidizi wa utafiti. McGuire alikuwa amekwisha kurudi kwao. Desemba mwaka huo alihukumiwa kifo bila kuwapo, naye alikana daima. Rwelekana alikutwa amekufa gerezani. Ilisemwa amejinyonga.

Sisemi ya kwamba hakutenda. Nasema ya kwamba hakuna awezaye tena kumsikiliza akijitetea.

Mtu wa namna yake hushukiwa kwa sababu anaijua nyumba. Anajua mbwa hulala wapi, ufunguo huwekwa wapi, bwana hurudi saa ngapi. Lakini ujuzi huo ndio tuliomwajiri kwa ajili yake! Siku ya msiba unageuka kuwa shtaka. Mpwa wa mwenye nyumba anayajua hayo yote, pengine na zaidi, wala haulizwi. Maana kumshuku mpwa kutaleta vikao vya ukoo, na shangazi hatasalimia mwaka mzima. Kibarua hana ukoo hapa. Kumshuku hakutugharimu kitu, na hapo ndipo lilipo kosa letu.

Mtu atasema: Mwalimu, vibarua wengine huiba kweli, je, wasiulizwe? Waulizwe, kama wanavyoulizwa wote waliolala katika nyumba ile. Kuuliza ni jambo moja. Kumwaga nguo zake uani mbele ya majirani ni jambo jingine. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Na huyu wetu hata mashtaka hayajaandikwa. Yusufu katika nyumba ya Potifa walau lilikuwapo vazi la kuonyeshwa, ingawa hatusomi ya kwamba bwana wake alimwuliza neno.

Nimeona pia ya kwamba mshahara wa miezi iliyopita husahaulika siku iyo hiyo. (Nadhani wako wanaopata nafuu kidogo.) Anafukuzwa usiku, na kesho tunasema: mnaona, amekimbia, basi ni yeye.

Siku ya tatu ng'ombe anaonekana katika migomba ya jirani, amekata kamba mwenyewe. Watoto wanamrudisha kwa vigelegele. Wakati huo kibarua amekwisha kuvuka Murongo, na fedha zake za miezi miwili zimo bado ndani ya kabati la mwenye ng'ombe.