Je, Kuficha Woga Jukwaani ni Unafiki?

Mwanafunzi anaposimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi yake, mara nyingi mwili wake husema kabla ya mdomo. Mmoja hubofyabofya kalamu, mwingine huyumbayumba, mwingine hutia "yaani" baada ya kila maneno matatu. Kwetu Uganda, ambako wengi wetu tulikikuta Kiswahili shuleni, "yaani" hiyo ni kichaka cha kujifichia huku ngeli ikitafutwa. Akishauriwa ayaache mazoea hayo, hujitetea: "Ndivyo nilivyo. Nikijifanya mtulivu ilhali natetemeka, nitakuwa mnafiki." Je, hoja hiyo ina mashiko?

Kwa maoni yangu, haina. Mnafiki hudanganya ili apate asichostahili. Anayetuliza mkono ili hoja yake isikike hamnyimi msikilizaji kitu. Msikilizaji ametoa muda wake. Macho yake yakitekwa na kalamu, hoja humpita. Kujirekebisha basi ni adabu, kama mgeni anayekung'uta miguu mlangoni kabla ya kuingia.

Tumtazame Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens katika karne ya 4 K.K. Plutarch anaeleza kwamba hotuba yake ya mwanzo ilichekwa. Husimuliwa pia kwamba alikuwa na mazoea ya kupandisha bega, hivyo alipofanya mazoezi alitundika upanga juu yake ili bega likipanda lichomwe. Kutulia kwa bega hilo hakukuzifanya hoja zake dhidi ya Philip wa Makedonia kuwa za uongo.

Hata hivyo, upanga una kasoro: humfanya msemaji alichunge bega lake, yaani aendelee kujiwaza mwenyewe. Woga hulishwa na swali, "Wananionaje?" Swali linalofaa zaidi ni, "Wameelewa?" Anayejiuliza hilo huzitazama nyuso, si vidole vyake. Neno likimpotea, hunyamaza kidogo badala ya kusema "yaani". Kimya hicho humwonekea kirefu, lakini kwa msikilizaji ni nafasi ya kumeza kilichosemwa. Kalamu aiache kwenye dawati, na rafiki amhesabie "yaani" zake wakati wa mazoezi.

Lakini tusichanganye mambo. Kigugumizi si mazoea mabaya, wala lafudhi ya Kiganda au ya Kiacholi si kosa la kufutwa. Na wajibu si wa msemaji peke yake. Wahenga walisema, mcheka kilema hafi bila kumfika. Kicheko kimoja kutoka viti vya nyuma chaweza kumnyamazisha mtu muhula mzima, na hoja aliyokuwa nayo tukaikosa sote. Msemaji anadaiwa utulivu. Sisi tunaosikiliza tunadaiwa subira. Deni la kwanza ni gumu kulilipa pale ambapo la pili halijalipwa.