Nguruwe Walizama, Mtu Akaokoka



Mtakatifu Marko, katika sura ya tano ya Injili yake, atusimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Minyororo haikumweza, usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Bwana Yezu akawaamuru pepo wamtoke. Wakawaingia nguruwe wapata elfu mbili, nao wakateremka mbio wakazama ziwani. Yule mtu akaonekana ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu.

Twaona hapa namna ya mamlaka ya Kristu. Hakutafuta mtu wa kulaumiwa. Alitenga pepo na mtu: pepo akamfukuza, mtu akamrudishia jamaa zake.

Je, watu walifanya nini? Walimsihi aondoke katika nchi yao. Mwenye pepo walikuwa wamekwisha kumzoea. Aliyepona ndiye aliyewatisha.

Tusiwacheke. Mwaka 1925, Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, huko Rhodesia ya Kaskazini na kusini ya Katanga. Wengi walimpokea kwa furaha, kwa kuwa aliahidi kuwaondolea walozi. Ubatizo aliugeuza kuwa jaribio la kuwafichua, na watu wengi wakauawa kwa kuzamishwa majini. Mwaka 1926 alinyongwa. Linganisheni: kwa Wagerasi nguruwe walizama, mtu akaokoka, kwa Mwana Lesa watu walizama, hofu ikaokoka.

Ningependa kusema kwamba hayo yamepita. Lakini hapa Kamina, wanafunzi wangu walikataa kukaa benchi moja na msichana yatima, kwa sababu majirani walimwita mlozi. Nami, katekista, nilifanya nini? Niliwaambia: “Tusali, pepo amtoke.” Nilidhani natangaza uwezo wa Kristu, kumbe nilithibitisha hukumu ya majirani mbele ya darasa zima. Msichana alisali pamoja nasi. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilikwenda kwa bibi yake kuomba radhi. Na aliporudi, nilikiri kosa langu mbele ya wenzake, nikaketi mimi kwanza kwenye benchi yake.

Mtu ataniuliza: “Mwalimu, je, wakana kwamba Shetani yupo?” La, sikani. Lakini Kanisa halikumpa kila mtu kazi ya kuwapunga wenye pepo: sheria yake yataka padri mwenye ruhusa ya wazi ya askofu. Na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Anayesadiki kweli kwamba Kristu amemshinda Shetani hana haja ya kumpiga mtoto, kumnyima chakula, wala kumfukuza nyumbani. Afanyaye hivyo akiri tu kwamba aogopa pepo kuliko anavyomtumaini Bwana.

Yule aliyeponywa alitaka kupanda mashua amfuate Yezu. Bwana hakumkubalia, alimtuma kwao, kwa watu wale wale waliokuwa wakimfunga minyororo. Basi, ndugu zangu, siku atakapobisha hodi mlangoni petu, tutamfungulia?

Ee Bwana, utuondolee hofu, usiondoke katika nchi yetu. Amina.