Nani Mwenye Pwani Hii Kama Si Wewe?

Unamsubiri nani?

Mtaro umefurika maji machafu, na kisima mnachochota kiko hatua chache tu. Mikoko inakatwa usiku, asubuhi unakuta visiki. Chupa na mifuko vinaelea pale watoto wanapoogelea. Yote unayaona. Unaguna, unatikisa kichwa, unapita.

Kisha kipindupindu kinaingia mtaani, unauliza serikali iko wapi.

Na wewe uko wapi?

Usiniambie "mimi ni nani?" Swali hilo limeshajibiwa hapa hapa Pwani, na waliolijibu hawakuwa wakubwa.

Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliona samaki wanapungua na matumbawe yanakufa. Walikaa kikao, wakatenga kipande cha bahari yao wenyewe, wakasema: hapa havui mtu. Wavuvi hao! Watu ambao chakula chao cha jioni kinatoka majini! Waliuma meno, wakangoja. Samaki wakarudi.

Wewe umeacha nini ili kesho iwe nzuri?

Nenda Gazi, Kwale. Tangu 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo. Fedha zake zimewaletea maji safi na kusaidia shule. Tope lile lile la mikoko ambalo wewe unaliona ni kinyaa!

Lamu waliletewa mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Watu wakakataa, wakapeleka shauri mbele ya baraza la mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Soma tena hapo.

Mradi mzima ulikwama kwa kuwa watu kama wewe hawakusikilizwa. Halafu unasema sauti yako haina uzito?

Phyllis Omido wa Mombasa alikuwa mama mwenye mtoto mchanga aliyekutwa na sumu ya madini ya risasi mwilini. Aliinuka dhidi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kando ya mtaa wa Owino Uhuru. Alikamatwa. Akaendelea. Kiwanda kilifungwa, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ushindi ukapingwa kwa rufaa. Wakapigana hadi Mahakama ya Juu.

Wewe umejibiwa vibaya na karani mmoja, ukarudi nyumbani kulala!

Sheria iko upande wako. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshadhurika. Tanzania nayo imeiandika haki hiyo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Umepewa panga, nawe umelilalia.

Amka!

Huna fedha? Una simu. Piga picha ya mtaro, andika tarehe.

Huna elimu? Una jina. Litie kwenye barua ya malalamiko, ubaki na nakala yenye mhuri.

Huna muda? Na muda wa kumuuguza mtoto anayeharisha utautoa wapi?

Ukisikia kuna mkutano wa kutoa maoni juu ya mradi, nenda. Simama. Sema. Hakikisha maneno yako yameandikwa. Wasipojibu, andika tena. Wakikuzungusha, rudi na jirani. Wakikuzungusha tena, rudi na mtaa mzima.

Nguvu unayo. Imelala tu, na anayeibembeleza ni wewe.

Joto la bahari linapanda sasa. Chumvi inaingia visimani sasa. Hakuna kinachongoja upate nafasi.

Kuruwitu walianza kwa kikao kimoja.

Chako ni saa ngapi leo?