Alindwe Tangu Tumboni

Kila tarehe 31 Mei Kanisa laadhimisha safari ya Bikira Maria kwenda nchi ya milima kumwamkia Elizabeti. Yohane, angali tumboni mwa mamaye, aliruka kwa furaha. Basi Mkristo hawezi kusema kwamba mtoto asiyezaliwa hapatwi na mambo ya dunia.

Majira hayo hayo, juu katika uwanda wa Makonde kule Newala, na chini yake Masasi, mashine za kupuliza salfa huanza kunguruma mikoroshoni. Salfa huzuia ubwiriunga, na korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Hatuilaumu kazi hiyo. Twauliza neno moja: ndani ya vumbi lile la manjano, ni nani asimamaye? Asiwe mama mwenye mimba.

Vumbi la salfa huwasha macho na kubana kifua. Dawa za kuua wadudu ni kali zaidi: hupenya ngozi, huingia katika damu, na baadhi yake huvuka kondo la nyuma hata kumfikia mtoto. Tena jioni mama huyo huinamia mafiga katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa kuni una hewa ya sumu inayopunguza oksijeni katika damu. Ndiyo maana watoto wa mama wavutao moshi mwingi huelekea kuzaliwa na uzito mdogo, nao walio chini ya kilo 2.5 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kufa wangali wachanga.

Mamaye Samsoni aliagizwa na malaika ajihadhari na vinywaji na vyakula kabla ya kumzaa mwanawe. Naye Manoa, mumewe, hakukaa kando: alimwomba Mungu amfundishe yampasayo mtoto.

Enyi akina baba, fanyeni kama Manoa. Mke mwenye mimba asishike mashine wala dawa. Nguo za kupulizia zifueni wenyewe. Chupa ya dawa isitekewe maji kamwe, hata maji yakiwa adimu namna gani uwandani. Mvua za kwanza zioshe bati kabla ya kukinga maji ya kunywa. Toboeni dirisha jikoni, mkaushe kuni.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si’, aliutaja moshi wa kupikia na dawa za mashambani miongoni mwa mambo yanayodhuru afya za watu. Sisi twapinga utoaji mimba, na ndivyo ipasavyo. Lakini anayekiri kanisani kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba, na aukiri pia shambani na jikoni.