Siku Kumi Mezani
Soma Danieli 1:8–16. Azimio lilianzia moyoni mwa Danieli, lakini jaribio la siku kumi hakulibeba peke yake. Wenzake watatu walikula kama yeye.

Mama mwenye kisukari pale Ujiji husongea familia ugali wa muhogo, kisha yeye hula pembeni: mgebuka wa kuchoma, mchicha, na mkate wa unga wa karanga na mayai. Njaa anaiweza, upweke ndio unaomrudisha kwenye ugali. Ingekuwaje kama nyumba nzima ingekula naye siku kumi? (Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza.)

Soma Wagalatia 6:2. Ni mzigo gani wa mezani ambao familia yako imemwachia mtu mmoja?