Je, Mwenye Hofu Ana Kosa?

Wahenga wetu hawakumdharau mwoga. Walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Maana yake, aliyekimbia hatari yu hai leo pamoja na wanawe, na yule aliyejitia mbele yuazikwa. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hizi mbili hazisemi jambo moja. Ya kwanza yaisifu hofu inayomwokoa mtu na nyoka. Ya pili yamhurumia anayekimbia uzi wa ukindu. Taabu ni kwamba hofu zote mbili huupiga moyo kwa nguvu ile ile, na mwenyewe hawezi kuzitambua kwa mapigo hayo peke yake.

Tuchukue mfano ulio karibu na watu wa Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati. Kilijengwa kuchukua watu 101; waliokufa walizidi 220. Sasa tumfikirie mama mmoja aliyezaliwa Ukara na kuolewa Mwanza mjini, ambaye tangu msiba huo wa pili hajakanyaga chombo cha majini. Mzazi wake mzee yuko kisiwani. Kila mwaka binti hutuma fedha, hutuma salamu, hutuma udhuru. Mwaka huu ameletewa habari kwamba mzee hainuki tena kitandani. Kumfikia kwataka kuvuka maji mara mbili, kwanza hadi Ukerewe, kisha hadi Ukara. Je, asipokwenda ana kosa?

Wako watakaomwambia ajikaze, na wako watakaomcheka, wote hawajamsaidia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alilipima jambo hili kwa utulivu zaidi. Aliihesabu hofu kuwa miongoni mwa miendo ya moyo ambayo yenyewe si dhambi wala si fadhila. Huwa mbaya pale mtu anapokimbia jambo ambalo akili yamwambia alistahimili. Hata hapo, asema, hofu yapunguza hatia, kwa kuwa anayetenda kwa hofu hatendi kwa hiari kamili. Na kuhusu ushujaa alifundisha kwamba tendo lake kuu ni kustahimili, zaidi ya kushambulia. Basi mtu aweza kuwa shujaa huku magoti yake yakitetemeka, na mama yetu hana haja ya kungoja hofu imwishe ndipo aanze safari. Kutetemeka kwake hakumtii hatiani. Ila deni kwa mzazi wake lipo, na kwa sababu lipo, hawezi kuiachia hofu iamue peke yake.

Afanyeje, basi? Kwanza ajue kwamba hofu ya namna hii hulishwa na kukimbia. Mama afika gatini, moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka. Ageuka, arudi nyumbani. Papo hapo apata nafuu. Nafuu ile ni mwalimu mbaya, maana yamfundisha kwamba amesalimika kwa kuwa amekimbia, ingawa chombo alichokiacha kimefika salama na abiria wake wamekwisha kula chakula cha mchana. Safari ya pili hofu yaanzia kituo cha basi; ya tatu yaanzia chumbani, akifunga mzigo. Lakini mtu akikaa pale pale, mwili hauwezi kudumu siku nzima katika fadhaa kubwa hivyo. Fadhaa hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Anayeondoka wakati wa kilele hajapata hata mara moja kuuona mteremko.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Goethe, mshairi wa Ujerumani, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg kati ya mwaka 1770 na 1771, aliteswa na kizunguzungu kila alipopanda mahali pa juu. Akajitibu mwenyewe kwa kupanda peke yake mnara wa kanisa kuu la mji ule, ambao kimo chake ni mita 142. Aliketi karibu na kilele kwa robo saa hivi kabla ya kuthubutu kutoka nje, kisha akasimama mahali padogo pasipo na kitu cha kushika. Alirudia mara nyingi mpaka kizunguzungu kikamwacha. Kwa maoni yetu kijana yule alianza juu mno, na hatumshauri msomaji aufanyie hivyo mnara wa parokia yake.

Njia ya upole ilionyeshwa Marekani mwaka 1924 na mtaalamu wa nafsi, bibi Mary Cover Jones. Mtoto wa umri wa karibu miaka mitatu, aliyeitwa Peter katika maandiko yake, aliogopa mno sungura. Kwanza alichezeshwa pamoja na watoto wasioogopa, akaanza kuendelea vizuri. Kisha akatishwa na mbwa mkubwa, na hofu yake ikarudi karibu kama mwanzo. Kazi ilianzwa upya: mtoto alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa ndani ya tundu na kuwekwa mbali, halafu siku kwa siku akasogezwa. Mwishowe Peter alimwachia sungura amdonoedonoe vidole. Hapo yafaa tumtazame yule mbwa pia, maana wengi hukata tamaa siku hofu inaporudi, wakidhani wamepoteza yote. Baadaye Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, aliitengeneza tiba ya namna hiyo iwe kama ngazi: mgonjwa hupanga hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, hujifunza kulegeza mwili, kisha hupanda kidato kimoja kimoja.

Mama yetu naye aweza kujifanyia ngazi. Aanze kwa kuketi ufuoni akitazama vyombo vikiingia na kutoka, asiondoke mpaka moyo utulie. Siku nyingine asimame gatini. Kisha aombe ruhusa aingie chomboni kikiwa kimefungwa, akae, ashuke. Kisha avuke kwenda Kamanga na kurudi pamoja na dada yake, na siku ya pili bila dada. Apumue polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Dada mwenyewe awe mtu wa kusema, "Tukae kidogo tena, dada yangu," asiwe mtu wa kumsukuma wala wa kusimulia kicheko chake sokoni. Pombe isitumike, kwa maana yaweza kumvusha mtu bila kumfundisha lolote. Kusali ni kuzuri, ila asali akiwa gatini; sala isiwe udhuru wa kubaki nyumbani. Na ikiwa hofu imemnyima usingizi na kazi kwa miezi, aende kwa daktari bila haya, kama aendavyo mwenye homa.

Limebaki jambo moja ambalo wenye haraka ya kuponya hulisahau. Hofu ya mama huyu haikuzuka hewani. Vyombo vilizama kweli, na kweli vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Kwa hiyo afikapo gatini ana haki ya kuuliza: abiria ni wangapi, maboya yako wapi, upepo ukoje leo? Akijibiwa vema na moyo bado wamkataza, ajue kwamba anaona ung'ongo, naye aingie. Lakini akikuta chombo kimefurika watu na magunia hadi mlangoni, ashuke, hata abiria wote wamcheke, angojee safari ya pili; na dada yake asiende kutangaza nyumbani kwamba ugonjwa umemrudia.